Lubumbashi–Kinshasa kwa ndege: umbali, muda na maswali mnayouliza kila mara

Maswali haya hayaishi, na huongezeka likizo kubwa inapokaribia, wanafunzi wanapotafuta njia ya kwenda au kurudi. Majibu yanahusu safari ya Lubumbashi–Kinshasa. Miji mingine imeguswa pale inapobidi tu. Saa zimeandikwa kama zinavyochapishwa kwenye tiketi, yaani 14:00 ni saa nane mchana.

Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kilomita ngapi?

Kwa anga, kutoka uwanja wa Luano hadi uwanja wa N'djili, ni karibu kilomita 1,550. Rubani, ambaye hupima kwa maili za baharini, atakuambia kama 840. Huo ni mstari ulionyooka. Ndege yenyewe huongeza kidogo kwa sababu hufuata njia za anga zilizopangwa, na hulazimika kuzunguka inapotua.

Chukua ramani uone jambo linalowashangaza wengi hapa. Nairobi iko mbali na sisi wa Lubumbashi karibu sawasawa na Kinshasa, kama kilomita 1,540. Johannesburg imezidi kidogo tu, 1,600 na ushei. Dar es Salaam iko karibu zaidi kuliko mji mkuu wetu, kama 1,380, na Lusaka haifiki hata 450. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Lubumbashi huona Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni uani kwake, na Kinshasa ndiyo safari.

Ndege inachukua muda gani?

Jeti kama Airbus A320 au Boeing 737 hukaa angani kama saa mbili. Tangu mlango ufungwe Luano hadi ufunguliwe N'djili, hesabu saa mbili na robo, pengine mbili na nusu. Ikiwa juu hukimbia kilomita 830 hivi kwa saa, lakini mwendo huo hauanzi papo hapo: kuna kusogea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda mpaka mita 10,000 na zaidi, kushuka polepole, na wakati mwingine kungoja zamu ya kutua.

Ukipata ndege ya pangaboi, mfano Dash 8 Q400, jipangie karibu saa tatu. Si mbovu wala si ya zamani. Mwendo wake tu ni mdogo, kilomita 600 na kitu kwa saa.

Kitu cha kuuliza kabla ya kulipa ni hiki: "Inatua wapi njiani?" Usiulize kama ni safari moja bila kubadili ndege, maana utajibiwa ndiyo, kisha ujikute Mbuji-Mayi au Kananga mlango umefunguliwa, abiria wanashuka na mafuta yanajazwa. Kupitia Mbuji-Mayi hakuongezi njia sana, ni kilomita mia na kidogo, kwa kuwa mji huo uko karibu na mstari wenyewe. Kinachopotea ni muda: saa nzima, au zaidi.

Mbona tiketi yangu inaonyesha saa moja na robo kwenda, na saa tatu na robo kurudi?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi kati ya abiria na wauza tiketi, na hakuna aliyedanganya mwenzake.

Nchi yetu ina kanda mbili za saa. Kinshasa na magharibi yote hutumia saa ya UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya kimataifa. Lubumbashi, pamoja na Katanga yote, Kasai, Kivu na Kisangani, hutumia UTC+2. Sisi tuko mbele kwa saa moja, mwaka mzima, kwani hapa hakuna kubadilisha saa za kiangazi na baridi kama Ulaya. Na tiketi huandika saa ya pale ndege ilipo: saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, saa ya kufika ni ya mji unaofikia.

Sasa piga hesabu. Unaondoka Luano 10:00, unasafiri saa mbili na robo. Saa ya Lubumbashi ni 12:15, lakini Kinshasa ni 11:15 tu. Tiketi itaandika 10:00–11:15, na jirani yako atasema ndege za siku hizi ni risasi. Kurudi unaondoka N'djili 13:00, muda ni ule ule, unatua saa ya Kinshasa ikiwa 15:15, nayo hapa ni 16:15. Tiketi: 13:00–16:15. Jumlisha safari zote mbili, gawa kwa mbili, utapata muda wa kweli.

Hasara haitoki kwenye tiketi, inatoka kwenye saa ya mkononi. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe zikipata mtandao wa mji mpya, lakini hiyo ya mkononi haijui lolote. Ukiwa Kinshasa na saa ya Lubumbashi utafika uwanjani mapema, ukae, hakuna ubaya. Ubaya uko upande wa pili: umekuja Lubumbashi kwa shughuli ya siku mbili, saa yako bado ni ya Kinshasa, unadhani una saa nzima ya kumalizia chai, kumbe mlango umeshafungwa. Na mtu akikupigia kutoka Kinshasa akasema "njoo unipokee saa kumi", mwulize saa kumi ya nani.

Ndege hupita juu ya wapi? Ni kweli inaingia Angola?

Ukitoka Luano unaelekea kaskazini-magharibi: juu ya ukanda wa migodi, kisha nyanda za Lualaba, halafu Kasai, Kwilu, na mwisho Mto Kongo. Ila ukichora mstari kwa rula, kipande cha katikati kinakata pembe ya kaskazini-mashariki ya Angola, jimbo la Lunda Norte, karibu na Dundo. Mpaka wetu pale una mkunjo, na rula haijali mipaka. Kama ndege yako itapita hapo au itabaki upande wa Kasai, hilo huamuliwa na njia ya anga iliyopangwa siku hiyo pamoja na ruhusa za nchi husika. Ukiwa dirishani hutatofautisha. Juu hakuna bendera.

Kukwepa anga ya mtu si jambo geni kwetu. Septemba 17, 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenda Ndola, upande wa pili wa mpaka wetu. Katanga ilikuwa imejitenga na ilikuwa na ndege ya kivita ya Fouga Magister, kwa hiyo ndege yake, DC-6, ilizungukia mashariki, ikatumia zaidi ya saa sita. Ilianguka karibu na Ndola usiku huo, saa sita ya usiku ikiwa imeshapita. Ndola yenyewe, kwa anga, ni kilomita 200 tu kutoka hapa tulipo.

Kwa nini nisiende kwa barabara? Ni nchi moja.

Barabara ipo, sehemu kubwa ikiwa Barabara ya Taifa Namba 1, na kwenye ramani inapendeza: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kamina, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, Kinshasa. Ni zaidi ya kilomita 2,000. Mwanzo na mwisho ni wa kuaminika: hadi Kolwezi, kilomita 300 na kidogo, kuna lami, na kutoka Kikwit hadi Kinshasa, kilomita 500 na zaidi, vilevile. Tatizo ni tumbo la safari. Kati ya Kolwezi na Kasai kuna mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, malori yakizama wote walio nyuma hulala hapo. Madereva wa malori huhesabu kwa wiki. Mtu wa familia, mwenye mtoto na sanduku, asijaribu.

Treni je? Zamani watu walikwenda kwa treni.

Walikwenda, lakini treni haijawahi kufika Kinshasa kutoka huku. Reli ya kampuni ya BCK ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928, ikaishia ukingoni mwa mto Kasai. Jina lenyewe la kampuni lilitaja Bas-Congo na Katanga, na mpango ulikuwa kuendelea hadi chini, ila kipande cha Ilebo–Kinshasa hakikujengwa. Kutoka Ilebo abiria hupanda boti, kwanza Kasai kisha Mto Kongo. Reli ile sasa iko chini ya SNCC, shirika la reli la taifa, na treni za abiria hutoka zinapotoka. Ni safari nzuri ya kusimulia kwa mtu asiyengojwa popote.

Pengo hili la reli ndilo lililofanya ndege ianze mapema sana kwetu. Katika miaka ya 1920 Sabena, kampuni ya ndege ya Ubelgiji, ilikuwa tayari na njia ya Boma, Léopoldville na Élisabethville, yaani Lubumbashi, wakati miji mingi ya Afrika haijaona hata uwanja.

Viwanja viko mbali na mji?

Luano iko kama kilomita kumi kutoka katikati ya Lubumbashi. Kwa mtu wa Ruashi ni mlangoni. Kwa mtu wa Katuba ni kuvuka mji mzima, na jioni hiyo si dakika kumi na tano.

N'djili ni kitu kingine. Ni kilomita 20 na zaidi hadi Gombe, katikati ya Kinshasa, na njia ni moja, Boulevard Lumumba, inayopita Masina na Limete. Asubuhi sana ni nusu saa au dakika arobaini. Saa kumi jioni, mvua ikiwa imenyesha, saa mbili ni bahati, na saa tatu hakuna atakayeshangaa. (Lumumba mwenyewe alishushwa Luano Januari 17, 1961, akauawa usiku uleule si mbali na mji wetu. Anayetua N'djili huingia mjini kwa barabara yenye jina lake.)

Kwa hiyo mtu akikuuliza Kinshasa ni saa ngapi, usimjibu "mbili". Kutoka Katuba hadi Matonge, mlango kwa mlango: saa moja kwenda Luano, mbili uwanjani, mbili na robo angani, dakika arobaini kungoja mizigo, moja na nusu au mbili barabarani. Hiyo ni siku nzima ya kazi, na hapo ndege haijachelewa.

Nifike uwanjani saa ngapi?

Saa mbili kabla. Watu husema "ndege huchelewa kila siku, nitakwenda taratibu". Huchelewa, kweli, lakini dawati la kupokelea mizigo halichelewi kufungwa. Siku moja kabla, pigia kampuni uthibitishe saa, kwani ratiba za ndani hubadilishwa, na ujumbe wa simu haufiki kila mara. Na usipange mkutano Kinshasa mchana wa siku unayosafiri. Ukipanga harusi au msiba, tangulia siku moja.

Nahitaji paspoti?

Kwa Kinshasa hapana. Kadi ya mpiga kura inatosha, au paspoti ukiwa nayo. Muhimu ni jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kadi. Sisi wenye majina matatu na jina la kanisani huko ndiko tunakokwama: mwuza tiketi ameandika Jean, kadi inasema Ilunga. Soma tiketi palepale dukani kabla pesa haijatoka mkononi.

Ukienda nje, paspoti na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo tangu 2016 ni ya maisha, haina tena miaka kumi, kwa hiyo mtu akikuambia imekwisha muda usilipe chochote.

Go Pass ni nini, na ni lazima?

Ni tozo ya RVA, mamlaka ya viwanja, ya kuendeleza miundombinu. Ya ndani ni ndogo, ya nje ni kubwa. Lazima. Uliza kama imo ndani ya bei ya tiketi au utailipa uwanjani, na weka noti za dola zisizochanika. Noti yenye kovu dogo ukingoni itakataliwa, na wewe unajua hivyo.

Naweza kubeba unga, samaki na pawabenki?

Unga wa mahindi unapita, kilo tu ndizo zitakazokusumbua. Ndugu walioko Kinshasa wana mihogo ya kila aina lakini watakuomba unga wa bukari, yaani ugali, wa kwetu, na mfuko wa kilo 25 peke yake unazidi kilo 23 ambazo tiketi nyingi huruhusu. Gawanya. Ndakala (dagaa) wakavu na samaki wa moshi wafunge mara tatu, plastiki, gazeti, plastiki, kisha uwaweke kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege. Harufu ikitoka utaitwa kwa jina. Mafuta ya mawese usiyabebe kwenye chupa ya maji iliyozibwa kwa mfuko. Juu hewa hupungua, chupa huvimba, na nguo za watu wengine huharibika.

Pawabenki hukaa na wewe ndani, kamwe si kwenye mzigo unaoshushwa chini. Isiyozidi 100 Wh, sawa na kama mAh 27,000, haina shida. Zaidi ya hapo hadi 160 Wh lazima kampuni iruhusu. Kama maandishi yamefutika na hakuna anayeweza kusoma namba, itabaki Luano.

Mama yetu ni mzee na hajawahi kupanda ndege. Atavumilia?

Kwa kawaida ndiyo, na watu wa Lubumbashi wana nafuu. Ndani ya ndege hewa huwekwa kama ya mahali palipoinuka mita 1,800 hadi 2,400. Luano yenyewe iko mita 1,300 juu ya bahari, kwa hiyo mama ameshazoea sehemu ya mwinuko huo. Wa Kinshasa, aliye kwenye mita 300 tu, ndiye anayepanda zaidi. Mpeni kiti cha kando ya njia, maji ya kunywa, na pipi ya kumung'unya ndege ikishuka ili masikio yasizibe. Mwambieni mapema pia kwamba ule mlio wa chini ya miguu baada ya kuruka ni magurudumu yanaingia ndani. Wengi huogopa hapo.

Mwenye ugonjwa wa seli mundu, moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kununua tiketi, si baada, maana upungufu mdogo wa oksijeni kwake si mdogo. Mama mjamzito: kampuni nyingi huomba karatasi ya daktari kuanzia wiki ya 28, na nyingi hukataa baada ya wiki ya 36.

Msimu wa mvua ni hatari?

Huleta usumbufu kuliko hatari. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na mawingu ya dhoruba hujaa zaidi alasiri, jua likishapasha ardhi. Rubani huyaona kwenye rada na huyazunguka. Hizo ndizo dakika kumi au ishirini za ziada, na hiyo ndiyo mitikisiko. Kuanzia Novemba hadi Aprili, nikiwa na uchaguzi, nachukua ndege ya asubuhi. Faida ya pili: ikichelewa, bado una mchana mbele yako.

Kampuni gani hufanya njia hii, na mbona haziruki Ulaya?

Majina utakayoyasikia ni Congo Airways, CAA na Air Congo, hiyo ya mwisho ikiwa imeanza Desemba 2024 kwa ubia na Ethiopian Airlines. Kuhusu Ulaya: kwa miaka mingi kampuni zote zilizopewa leseni na mamlaka ya Kongo zimo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya zisizoruhusiwa. Kinachopimwa hapo zaidi ni usimamizi wa mamlaka, kwa hiyo jina huingia hata kama ndege ni mpya. Si sababu ya kukaa nyumbani. Ni sababu ya kuuliza aina ya ndege na kutolazimisha safari hali ya hewa ikiwa mbaya.

Niliona tiketi ya Lubumbashi–Kinshasa kupitia Addis Ababa. Ni wazimu?

Kwa kilomita, ndiyo. Lubumbashi–Addis ni kama 2,600, Addis–Kinshasa karibu 3,000: zaidi ya mara tatu ya njia iliyonyooka, na unahitaji paspoti kwenda mji wa nchi yako. Lakini kuna wiki ndege za ndani zimejaa au zimesimama, na mwenye mkataba wa kusaini Jumatatu huipanda bila kunung'unika. Usisahau chanjo.

Na Goma au Bukavu kutoka hapa?

Goma ni kama kilomita 1,120 kwa anga, Bukavu kama 1,040, zote karibu kuliko Kinshasa. Ila Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma uwanja wake ulifungwa, na Februari Kavumu, uwanja wa Bukavu, nao ukaangukia mikononi mwao. Wenye lazima wamekuwa wakipitia Kigali, kisha barabara na mpaka. Ulizeni walioko kule wiki hiyohiyo mnayosafiri. Habari ya mwezi uliopita haifai.

Nivae nini?

Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, Kinshasa haishuki chini ya 17 au 18 na mchana ni jasho. Vaa koti hadi Luano, livue kwenye kiti, usilifungie kwenye sanduku: utalihitaji tena siku ya kurudi, usiku, nje, ukingoja teksi.